Majani Yaliyolindwa Yakaugua: Funzo la Ngorongoro kwa Sisi wa Rungwa

Kila mvua za kwanza zinaponyesha hapa Rungwa, mwezi wa Novemba au Desemba, watu hushughulika na majani. Shule hufyeka uwanja wa mpira. Zahanati hupanda ukoka mbele ya baraza ili vumbi lipungue. Kambi zilizo pembezoni mwa pori la akiba husafisha njia na kupanda majani kuzunguka mahema. Mwenye nyumba mpya naye huweka miiba kuzunguka kipande chake, akawaambia watoto na mbuzi kwamba hapo pasikanyagwe. Baada ya hapo wengi wetu huona kazi imekwisha. Majani yamelindwa, basi yatastawi yenyewe.

Dhana hiyo inaonekana ya busara, na ndiyo maana inatukamata kirahisi. Nimeamua kusimulia kisa cha kweli kilichotokea hapa hapa Tanzania, mahali penye wataalamu, askari na wageni kutoka dunia nzima, ambapo majani yalilindwa kwa nia njema kabisa kisha yakaugua. Yalianza kwa kurefuka kupita kiasi, yakawa maficho ya kupe, wanyama wakafa kwa mamia, na hatimaye magugu yakateka sehemu kubwa ya uwanda. Mahali penyewe ni Kreta ya Ngorongoro. Simulizi hii haina lengo la kumcheka mtu. Kama kosa hilo liliweza kuwapata wao, mimi na wewe wenye fyekeo moja na debe la maji tuna kila sababu ya kujihadhari.

Uwanda uliokuwa ukifyekwa na midomo

Sakafu ya kreta ina ukubwa wa kilomita za mraba 250 hivi, nayo imezungukwa na kuta zenye urefu wa karibu mita 600. Sehemu kubwa ya sakafu hiyo ni nyasi. Ukoka, huu huu tunaoupanda mbele ya nyumba zetu, ni miongoni mwa nyasi zinazoota huko.

Mwaka 1984 mwanaikolojia Samuel McNaughton, aliyefanya utafiti wake Serengeti, alieleza jambo ambalo mfugaji yeyote angelitambua. Makundi makubwa ya wanyama yanapokula mahali pamoja mara kwa mara, nyasi hazidhoofiki kama tunavyodhani. Zinalala chini, zinatambaa, zinatoa machipukizi mengi mafupi, na zinakuwa zulia lililobana. Majani machanga yana lishe nzuri, kwa hiyo wanyama wanarudi tena, na kwa kurudi kwao zulia linazidi kubana. Kwa maneno mengine, nyumbu na swala walikuwa mashine ya kukatia majani kabla ya mtu yeyote kuunda mashine hiyo.

Ndani ya kreta kazi hiyo ilifanywa na wanyamapori pamoja na ng'ombe wa Wamasai. Tangu Hifadhi ya Ngorongoro ilipoanzishwa mwaka 1959, wafugaji waliruhusiwa kuendelea kuishi humo pamoja na wanyamapori, na baadhi yao walikuwa na maboma chini kabisa kwenye sakafu ya kreta. Mifugo ilikula nyasi, na wafugaji walichoma sehemu za nyasi kavu ili majani mapya yachipue na kupe wapungue. Tuseme waliyatunza majani bila kuyaita bustani.

Mwaka 1974 wafugaji waliokuwa wakiishi ndani ya kreta waliondolewa. Tangu hapo mifugo iliweza kushuka mchana kufuata chumvi na maji, lakini maboma hayakuwepo tena, na uchomaji wa nyasi ulikoma. Lengo lilikuwa kuilinda kreta. Ila katika kumwondoa yule aliyekuwa akipunguza nyasi, hakuwekwa mwingine wa kuifanya kazi yake. Hapo ndipo kisa chetu kinapoanzia.

Dalili zilizoonekana mapema

Dalili ya kwanza ilikuwa urefu wa nyasi. Nyasi ndefu hupendeza machoni. Mgeni anayepita huziona zikiyumba kwa upepo, akasema hapa kuna neema. Chini yake hali ni tofauti. Majani ya zamani hukauka na kujirundika, jua haliifikii ardhi, unyevu hunaswa, na machipukizi mapya hukosa nafasi. Nyasi iliyoachwa ndefu kwa muda hupungua mashina yake karibu na ardhi. Ukiitazama kwa juu inaonekana imejaa, lakini ukiifunua kwa mkono unakuta mapengo.

Dalili ya pili waliitoa wanyama wenyewe. Nyumbu na swala hupenda nyasi fupi. Nyati huweza kuishi kwa nyasi ndefu na ngumu. Sensa za wanyama zimekuwa zikifanyika ndani ya kreta tangu miaka ya 1960, na zilionyesha badiliko ambalo halikujificha. Baada ya miaka ya 1970 nyumbu walipungua, na nyati, ambao hapo awali walikuwa wachache mno kwenye sakafu ya kreta, waliongezeka hadi kufikia maelfu. Watafiti walichapisha takwimu hizo mwaka 1995, na wakalihusisha badiliko hilo na kuondolewa kwa mifugo na kuachwa kwa moto. Wanyama walikuwa wameshajua kwamba majani si yale ya zamani. Walipiga kura kwa miguu yao, na matokeo yakaandikwa kwenye daftari la sensa.

Dalili ya tatu ilikuwa kupe. Kupe hamkimbizi mnyama. Hupanda hadi ncha ya jani, akanyoosha miguu yake ya mbele na kusubiri anayepita. Nyasi ndefu humpa ngazi ya kupandia, na unyevu ulio chini yake humzuia asikauke na kufa wakati wa jua kali. Mahali palipokuwa na nyasi fupi na moto wa mara kwa mara, kupe hakuwa na pa kujificha. Nyasi zilipoachwa zikawa ndefu na nyati wakaongezeka, kupe alipata nyumba na chakula kwa pamoja.

Dalili ya nne ilikuja kwa maandishi. Mwaka huo huo wa 1995, Winston Trollope wa Chuo Kikuu cha Fort Hare, Afrika Kusini, aliyebobea katika masuala ya moto na nyanda za malisho, aliandika ripoti kuhusu moto katika Ngorongoro, akiitazama kreta kwa namna ya pekee. Moto wa kupangwa ulirudi mwaka 2001. Kati ya ripoti ile na kiberiti cha kwanza ilipita miaka sita.

Nasimama hapa kidogo, maana hapa ndipo penye funzo kwetu. Hakuna hata moja ya dalili hizi iliyofika kwa kishindo. Nyasi hurefuka kidogo kidogo. Nyumbu hupungua kidogo kidogo. Anayepaona mahali kila siku ndiye wa mwisho kuona pamebadilika. Nani kati yetu hajapita kila asubuhi kando ya duara la manjano kwenye majani yake, akasema mvua ikinyesha litapona?

Mwaka ambao kila kitu kilikutana

Mwaka 2000 ukame mkali uliipiga kreta. Nyati walidhoofika kwa njaa, na mnyama aliyedhoofika hawezi kuvumilia kupe ambao angewavumilia akiwa na afya. Nyati wengi sana walikufa, na nyumbu na pundamilia nao wakafa. Vifaru weusi, ambao idadi yao ndani ya kreta ni ndogo kiasi kwamba kila mmoja hufuatiliwa, nao walipoteza wenzao. Watafiti walipopima malisho walikuta kupe wengi kupita kiasi, na vimelea vinavyoenezwa na kupe vikaonekana kuhusika katika vifo hivyo.

Kisha mvua ikarudi, kupe wakaongezeka zaidi, na mwaka 2001 ikafika zamu ya simba. Virusi vya homa ya mbwa viliingia katika makundi ya simba wa kreta. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008, ukiongozwa na Linda Munson, ulionyesha jambo la kushangaza: kati ya mwaka 1976 na 2006 virusi hivyo vilikuwa vimepita kwa simba wa Serengeti na kreta angalau mara tano bila kuleta vifo vya kuonekana. Mwaka 1994 huko Serengeti, ambako theluthi moja ya simba walikufa, na mwaka 2001 ndani ya kreta, virusi vilimkuta simba akiwa tayari amejaa vimelea vya Babesia alivyoambukizwa na kupe. Vipindi vyote viwili vilitanguliwa na ukame mkubwa na vifo vya nyati waliojaa kupe, ambao simba waliwala.

Ukifuata uzi huu tangu mwanzo, unaona kwamba simba aliyekufa mwaka 2001 anahusiana na jani ambalo halikukatwa miaka mingi nyuma. Sisemi kwamba nyasi ndefu peke yake ilimuua. Ukame ulikuwepo, virusi vilikuwepo, nyati walikuwepo. Ila ugonjwa mkubwa kwa kawaida haujengwi na jambo moja. Hujengwa na mambo madogo yaliyoachwa, yakisubiri mwaka mbaya ili yakutane. Bustani nayo ni hivyo hivyo. Ukungu wa majani upo kwenye udongo kila siku na haufanyi lolote. Siku ambayo majani yamerefuka, yamemwagiwa maji jioni, yamekosa hewa na kuzidishiwa mbolea, ndiyo siku ambayo ukungu ule ule unakula kipande kizima.

Mwaka 2001 uchomaji wa kupangwa ulianza tena. Sehemu chache zenye nyasi ndefu zilichaguliwa, nyingine zikaachwa, na katika miaka iliyofuata idadi ya kupe kwenye malisho ilipungua. Dawa ilikuwa ile ile ambayo wafugaji waliijua kabla ya 1974.

Maua mazuri yaliyoleta njaa

Kisa kingeweza kuishia hapo, lakini majani yaliyodhoofika hayarudi kwa amri. Ardhi iliyobaki wazi baada ya ukame, njia za magari na kingo za barabara zilikuwa na nafasi tupu, na nafasi tupu haibaki tupu.

Tahadhari hazikukosekana. Mwaka 2002 Lesley Henderson, mtaalamu wa mimea vamizi kutoka Afrika Kusini, aliandaa ripoti ya mimea sumbufu katika Hifadhi ya Ngorongoro. Mwaka 2006 watafiti wengine walichapisha tathmini ya mimea vamizi ya kigeni katika Ngorongoro na Serengeti. Tathmini hii ililenga mimea ya kigeni, kama Argemone mexicana yenye miiba na maua ya njano, na Datura yenye sumu.

Ni haki kumchunga mgeni. Hata hivyo, mimea miwili iliyokuja kuteka uwanda wa kreta kwa kasi ni wenyeji wa Afrika: Bidens schimperi, ndugu wa kishona nguo, yenye maua ya njano, na Gutenbergia cordifolia, yenye maua ya zambarau. Ilikuwepo kwenye eneo siku zote ikiwa kidogo, ikidhibitiwa na nyasi zilizobana. Nyasi zilipolegea, ikainuka. Wakati wa maua, sehemu kubwa ya uwanda hugeuka njano au zambarau, na mtu asiyejua hudhani ameona uzuri. Mnyama anaona njaa, kwa sababu Gutenbergia ina kemikali zinazomfanya aikwepe. Kadiri anavyoikwepa, ndivyo anavyozidi kuila nyasi iliyo jirani, na gugu linazidi kupata nafasi. Hivyo gugu linatumia mdomo wa nyumbu kujipalilia njia.

Hii ni dalili ya tano, nayo ni ngumu kuliko zote, kwa kuwa inakuja imevaa uzuri. Magugu mengi ya bustani huanza hivyo. Linachomoza moja lenye ua dogo, mtu analionea huruma, analiacha. Msimu unaofuata yapo mengi, kila moja limeshamwaga mbegu.

Mamlaka ya Hifadhi imepambana na magugu hayo kwa kuyafyeka, kuyang'oa na kuyachoma, kazi kubwa inayorudiwa mwaka hadi mwaka. Hapo ndipo watafiti wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyoko Arusha, walipouliza swali lenye manufaa zaidi: ukishaling'oa gugu, unaweka nini mahali pake? Issakwisa Ngondya na wenzake, Anna Treydte, Patrick Ndakidemi na Linus Munishi, waliujaribu ukoka dhidi ya Gutenbergia na dhidi ya Tagetes minuta, ile ambayo wengi huiita bangi mwitu. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2019, yalionyesha kwamba ukoka unapopandwa kwa kubana, magugu hayo hudumaa na kudhoofika. Kadiri ukoka ulivyokuwa mwingi, ndivyo gugu lilivyozidi kuonyesha dalili za kusongwa.

Tafakari hilo, ndugu msomaji. Baada ya miaka mingi ya kufyeka na kuchoma, moja ya silaha zenye matumaini dhidi ya magugu ni nyasi yenyewe ikiwa na afya.

Tunayoweza kuyafanya hapa kwetu

Rungwa si Ngorongoro. Lakini nasi tunaishi pembeni mwa pori la akiba lililotangazwa mwaka 1951, tuna kipindi kirefu cha kiangazi, tuna mifugo, na tuna viwanja vya shule vinavyogeuka vumbi mwezi wa Septemba na kuwa msitu wa magugu mwezi wa Februari. Yaliyotokea kule kwa kipimo kikubwa hutokea kwetu kwa kipimo cha uwanja.

Kwanza, usilinde bila kutunza. Ukizuia mbuzi wasiingie kwenye ukoka, basi kazi ya mbuzi imekuwa yako. Kata mara kwa mara wakati wa mvua, na kila mara usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu wa jani. Anayeacha ukoka ufike magotini kisha akaufyeka mpaka chini siku ya sherehe huuacha mashina matupu ya rangi ya udongo, na magugu hushukuru. Noa fyekeo au kisu cha mashine. Jani lililochanwa badala ya kukatwa hukauka nchani na kuacha kidonda kinachopokea ukungu.

Pili, soma majani kwa kuyafunua. Piga goti, tenganisha mashina kwa vidole, utazame chini. Kuna mapengo? Kuna tabaka nene la majani yaliyokufa? Kuna weupe wa ukungu? Unga wa rangi ya chungwa unaobaki kwenye viatu ni ugonjwa wa kutu, na mara nyingi huwa ni ishara kwamba nyasi ina njaa au kivuli kimezidi. Madoa ya mviringo yanayokua siku hadi siku ni kazi ya ukungu. Badiliko lolote linaloonekana wiki hii lisisubiri mwezi ujao.

Tatu, maji yamwagwe alfajiri au asubuhi, yawe mengi yanayozama, kisha udongo uachwe upumue kabla ya kurudia. Kunyunyiza kidogo kila jioni kunayaacha majani yamelowa usiku kucha, na ukungu haupendi kitu kuliko hicho. Pia mizizi hubaki juu juu, ikingoja maji ya kila siku, na kiangazi kikikaza huungua.

Nne, kila unapong'oa, panda. Shimo la gugu lisibaki wazi hata siku moja. Chukua vipandikizi vya ukoka kutoka pale ulipobana, uviweke kwenye pengo, mwagilia mpaka vishike. Kama mahali hapo pana kivuli kizito cha mwembe, jua kwamba ukoka hautakubali, kwa sababu ni mmea wa jua. Afadhali upunguze matawi, au uache eneo hilo liwe la kukalia na kuwekwa changarawe.

Tano, lijue gugu kabla ya kununua dawa. Dawa aina ya 2,4-D hulenga magugu ya majani mapana, na ndago haiogopi. Glaifoseti huua kila kijani inachokigusa, pamoja na huo ukoka unaotaka kuuokoa. Ndago ina vinundu chini ya ardhi, na ukivuta majani yake tu vinundu vinabaki na kuchipua upya, kwa hiyo ichimbuliwe, na irudiwe kabla haijapata nguvu ya kutengeneza vinundu vingine. Muulize ofisa ugani, soma maelekezo kwenye chupa, vaa glavu na barakoa. Dawa iliyotumika kwa kubahatisha humdhuru aliyeinyunyiza na kuliacha gugu likicheka.

Sita, angalia kinachoingia. Samadi ambayo haijaiva imejaa mbegu hai. Udongo wa kujazia uliochukuliwa kando ya barabara una mbegu za kila kitu kilichopita. Mashine iliyokata majani ya mahali pengine isafishwe kabla ya kuingia kwako. Hili lina uzito wa pekee kwetu kwa sababu barabara ya kutoka Mkiwa na Itigi kuja Rungwa hadi Makongolosi na Mbeya ndiyo mlango wetu, na magugu husafiri kwa magari, kwa malori ya mifugo na kwa matope ya matairi. Gugu karoti, lenye asili ya Amerika ya kitropiki, liligunduliwa Arusha mwaka 2010. Majani yake hufanana na ya karoti, maua yake ni meupe na madogo, mmea mmoja hutoa mbegu kwa maelfu, na watu wengi wakiligusa huwashwa ngozi au hubanwa kifua. Ukiliona kando ya barabara yetu, usilishike kwa mikono mitupu. Ling'oe ukiwa na glavu kabla halijatoa maua, na utoe taarifa kwa ofisa kilimo wa kata.

Neno moja kuhusu moto, ili nisije nikaeleweka vibaya. Msomaji asitoke hapa na kiberiti mfukoni. Moto uliorudishwa Ngorongoro ni moto wa kupangwa, wenye mipaka, unaosimamiwa na watu wenye vifaa na kuwashwa kwenye sehemu ndogo iliyochaguliwa. Ule tunaouona hapa mwishoni mwa kiangazi, unaowashwa na mtu mmoja na kukimbia siku tatu ukila miombo, mizinga ya nyuki na malisho ya ng'ombe, ni jambo jingine kabisa. Huo huiacha ardhi wazi kabla ya mvua, na ardhi iliyo wazi kabla ya mvua ni karamu ya magugu. Kwenye uwanja wa shule au mbele ya nyumba, fyekeo linatosha.

Kosa lililo karibu nasi

Ninapokitazama kisa hiki, kinachonitia hofu si kwamba watu hawakujua. Sensa zilikuwepo, ripoti zilikuwepo, wazee waliokuwa wakichoma nyasi kabla ya 1974 walikuwepo na wangeweza kuulizwa. Kilichokosekana ni mtu wa kuziweka dalili pamoja na kuchukua hatua wakati bado ni ndogo. Nami ningeweza kuwa mtu huyo aliyepita asiseme kitu, kwa kuwa kila dalili peke yake ilikuwa na maelezo mepesi. Nyasi ndefu, basi mvua ilikuwa nzuri. Nyumbu wachache, basi wamehama kidogo. Maua mengi, basi msimu umependeza. Maelezo mepesi ndiyo yanayotulaza.

Kwa hiyo walimu wakuu wenye viwanja, wasimamizi wa kambi, wahudumu wa zahanati, na sisi wenye vipande vidogo mbele ya milango yetu, tukubaliane jambo moja kabla ya mvua zijazo. Apatikane mtu mmoja kwa kila uwanja ambaye kazi yake ni kuyafunua majani mara moja kwa wiki na kusema alichokiona, hata kama ni kidogo. Anayecheza, anayechunga na anayefagia nao wasikilizwe, kwani wao huona kabla ya mkubwa. Na pengo lolote litakaloonekana lijazwe wiki hiyo hiyo. Kung'oa gugu moja na kupanda kipandikizi kimoja ni kazi ya dakika chache, lakini uwanda uliotekwa hudai miaka, na Ngorongoro wanaifanya kazi hiyo hadi leo.